Ukingo Jazz Walipokuja Kumtoa Shida

Nimeamua kuandika kwa sababu mmenichosha. Kila anayekuja kunywa chai kibandani kwangu hapa Nanganga anataka habari za Newala. Namsimulia mpaka maandazi yanaungua, akiondoka anaingia mwingine na swali lile lile: "Mama Shaibu, eti Ukingo Jazz walikuja kweli?" Walikuja. Basi someni wenyewe, mpokezane, na karatasi zangu msifungie karanga.

Kwa ambao hamtokei kwetu, nianze na bendi yenyewe. Ukingo Jazz ni vijana wa Newala, ingawa ujana wenyewe umeshawaaga. Walianza na magitaa mawili yaliyokula umeme wa betri ya gari, na ngoma zetu za unyagoni, zile za mguu mmoja zinazochomekwa ardhini. Mpiga ngoma alikuwa kaka yangu Hashimu, Mungu amrehemu. Mwimbaji na mpiga gitaa alikuwa rafiki yake Bakari. Walikuwa wanachukua nyimbo za bibi zetu, wanazitia gitaa, na bibi zetu wenyewe wanatoka kwenda kucheza.

Wimbo wao mkubwa tuliuita wimbo wa mlangoni. Ulipigwa mwali anapotolewa ndani baada ya unyago. Ngoma inakwenda, gitaa linaifuata, watu wanaimba, halafu Hashimu anakata. Kimya. Hata gitaa halilii. Ndani ya kimya hicho shangazi wa mwali anataja jina jipya la mtoto, wanawake wanajibu "Tumelisikia," na ngoma inarudi. Jina la utotoni linaachwa hapo hapo mlangoni. Kwenye ukoo wetu jina jipya analijua shangazi peke yake mpaka saa hiyo, hata mama mzazi haambiwi.

Sasa, Hashimu aliacha binti mmoja, Shida. Alizaliwa miaka ile ya foleni, wakati mche wa sabuni ulikuwa unakatwa kwa uzi ili majirani wagawane, na jina likamkaa. Kaka hakulipenda. Alipokuwa anaumwa ule ugonjwa wa mwisho alinivuta karibu, akaninong'oneza jina analotaka mtoto apewe akitoka unyagoni, akasema, "Usiniangushe, dada. Asije akazeeka anaitwa Shida." Siku ya matanga Bakari naye akasimama mbele ya watu akaahidi kwamba mtoto akitolewa, Ukingo Jazz watampigia. Baadaye mfanyabiashara mmoja akaichukua bendi, ikahamia Dar es Salaam, tukajua ahadi imekwenda na maji. Kumbe bado. Msimu huu, wafanyabiashara waliporuhusiwa kununua korosho wenyewe, yule bwana akaja Newala na malori yake, na bendi akaja nayo ya kuitia watu. Bakari akatuma salamu kwa wifi yangu, mama yake Shida: siku ya Shida kutoka, watapiga.

Kwa hiyo niliondoka hapa na kazi mbili, kulifikisha jina na kuifikisha ngoma ya marehemu.

Nanganga hadi Ndanda

Ngoma ilikuwa Ndanda kwa Mzee Anselimu, seremala mstaafu, niliyempa aiwambe ngozi mpya. Tulipatana siku na nikaja siku hiyo hiyo. Nikaikuta ngoma imelala uani, ngozi bado mbichi, inanuka, na nzi wanaifurahia.

"Shikamoo, Mzee Anselimu."

"Marahaba, Mama Shaibu. Umewahi."

"Sikuwahi. Ndiyo siku tuliyopatana."

"Basi mbuzi ndiye hakupatana na sisi," akasema bila hata kuona haya. Mbuzi aliyemtegemea alichelewa kuchinjwa.

Nilitaka kukasirika lakini mkewe akanikalisha na ugali wa muhogo na kisamvu kilichoungwa kwa korosho, na mnanijua, mtu akinilisha namna hiyo hasira inanitoka. Kutwa nzima tukakaa tunaigeuza ngoma kando ya moto wa majani makavu, ngozi inakauka kidogo kidogo huku moshi unatutoa machozi. Mzee Anselimu alikuwa anaigonga kwa kidole, anasikiliza, anaisogeza, anaigonga tena.

"Siku hizi anaipiga nani pale kwenye bendi?" akaniuliza.

"Sijui. Watakuwa wamepata mtu."

"Mwanangu ana kanda yao mpya. Nimeisikiliza sana, sikusikia mkono wa mtu."

Sikumwelewa. Nikadhani redio ya mwanawe ndiyo mbovu. Jioni akaifunga ngoma kwa gunia, juu yake akazungusha khanga zangu mbili, akanisihi isilale nje maana umande utaiua sauti. Ilipokwisha kufungwa hivyo, kichwa cha mviringo juu na mguu mmoja chini, hata mimi ilinitisha kidogo. Kumbukeni jambo hilo, maana limenitesa mbele ya safari.

Masasi

Nililala Masasi kwa binamu yangu na asubuhi nikaenda sokoni kutafuta zawadi ya mwali. Jamani, Masasi si ile. Mwenye duka aliyekuwa anatuonyesha makabati matupu sasa ana sabuni za rangi nne, ukimwomba anakuuliza unataka ya harufu gani. Mitumba imemwagwa chini mpaka barabarani. Nilishika khanga, nikaiacha, nikashika nyingine, kichwa kikanizunguka. Zamani ulikuwa unashukuru unachopewa. Siku hizi unatakiwa kuchagua, na mimi sijazoea.

Kwenye kibanda cha kanda redio ilikuwa inalia muziki wa kurukaruka, kinanda kinamwaga sauti za kuteleza, na mwanaume anaita "mama yoyo, mama yoyo" utafikiri amezaliwa ng'ambo ya Kongo. Ulikuwa mzuri, siwafichi. Miguu yangu iliusikia kabla yangu. Nikamuuliza kijana muuzaji, "Hao ni akina nani?"

"Ukingo Jazz, mama."

"Ukingo Jazz wa wapi?"

"Wa Dar es Salaam. Wanatamba kweli."

"Mwanangu, Ukingo Jazz ni wa Newala. Ukingo wenyewe ni ukingo wa mlima wetu."

Akanitazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mgonjwa. "Basi watakuwa wengine," akasema.

Nikamwambia arudishe mwanzo. Nikasogeza sikio. Chini kabisa ya kile kinanda, nikaisikia sauti ya Bakari. Sauti ya mtu aliyekula kwetu miaka mingi haijifichi. Nikafurahi, halafu nikaona uchungu, halafu sikujua ninaona nini. Niliondoka pale bila khanga, ikabidi nirudi tena.

Masasi kupanda mlima

Lori la kwenda Newala lilikuwa tupu, linapanda kufuata korosho, na abiria tulikaa juu ya magunia matupu. Nikaupakata mzigo wangu. Mkabala na mimi alikaa mzee mmoja wa makamo ya baba yangu mdogo, kofia safi, jina lake baadaye nilikuja kulijua, Mzee Chitanda. Nilimwamkia, akaitikia, halafu macho yake yakatua kwenye mzigo na hayakuondoka tena.

"Mama," akaniambia huku anatazama pembeni, "huo mzigo ni wa nani?"

"Wa marehemu kaka yangu."

"Alikuwa anacheza?"

"Wee, alikuwa hodari. Newala yote wanamjua."

"Na ukoo ukaona ukabidhiwe wewe, mwanamke?"

"Nani mwingine, baba? Mimi ndiye dada yake."

"Ndani yake umechungulia?"

"Nimechungulia sana tu. Jana tumekaa nao kutwa pale motoni."

"Motoni?"

"Ndiyo. Tukaupasha mpaka ukakauka vizuri."

Mzee akasimama, akakusanya kikapu chake, akamwambia utingo kwamba yeye hasafiri na mzigo ule. Utingo akauliza una nini. Mzee akasema hawezi kusema. Wanaume wengine wawili wakaunyooshea shingo, wakatazamana, nao wakateremka. Dereva akaja kwa hasira, mzee akamvuta kando akamnong'oneza, na dereva aliporudi alikuwa ananiangalia kwa heshima ambayo sijawahi kupewa na dereva yeyote. Wakajadiliana huko chini mpaka jua likawa kali. Mimi nimekaa juu na wanawake wenzangu na ngoma yangu, sielewi nimekosa nini. Nikawaza labda inanuka.

Mnaotoka kwetu mmeshacheka. Wengine niwaeleze: kwa Wamakonde kuna kinyago kinachovaliwa kichwani kwenye ngoma ya midimu, na ni siri ya wanaume. Mwanamke hakigusi, na mbele ya mwanamke mwanaume hakitaji. Mzee ameona kitu cha mviringo mfano wa kichwa, kimefunikwa, cha marehemu, nimekabidhiwa mimi mwanamke, na sasa nasema nimekichungulia ndani na nimekianika motoni. Angeniuliza wazi tungemaliza palepale, lakini angeniuliza vipi jambo lisilotajika? Na mimi niliyezaliwa Newala ningepaswa kushtuka mapema, ila akili yangu ilikuwa bado kwenye ile redio ya Masasi.

Mwishowe ikaamuliwa Mzee Chitanda akae mbele na dereva, wanaume wengine wanipe mgongo, safari iende. Tukaenda hivyo, nusu ya gari haitazami ninakotazama.

Lori lilitushinda mlimani. Linapopanda ule ukuta wa kwenda Newala huwa linapumua kwa shida hata likiwa tupu, na siku ile maji yalichemka, dereva akasimamisha, akasema wote chini. Utingo, ambaye hakuambiwa siri, akaanza kuteremsha mizigo. Akautupa na wa kwangu. Ukaanguka, ukabingirika mpaka kwenye jiwe, na jiwe likaugonga usoni. Ukatoa sauti moja nene, duu, iliyokwenda mpaka bondeni.

Mzee Chitanda akashuka kwenye gari polepole.

"Ni ngoma?" akauliza.

"Ulidhani nini, baba?"

Wanaume wakaanza kucheka wakishika mbavu. Wanawake nasi tukacheka tukitazama miti, maana tumejua wanachocheka na hatutakiwi kujua. Mzee hakucheka. Alikuja, akafunua khanga kwa adabu, akaigonga ngozi kwa kidole kama Mzee Anselimu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kumbe naye ameipiga jandoni miaka mingi, kabla viganja havijaanza kumuuma.

Wakati injini inapoa mama mmoja akafungua kikapu cha ming'oko, vile viazi vya porini, tukamenya, tukachovya kwenye chumvi na pilipili. Nikamsimulia Mzee Chitanda habari yote ya Hashimu, Bakari na mtoto. Jina tu sikulitaja. Naye hakuuliza, na kwa hilo nikampenda.

Newala

Tulifika jioni. Wifi yangu alinipokea kwa kunikumbatia na ndoo ya maji ya kuoga, na anayejua maji yanavyopatikana Newala atajua nilipokewa. "Mama Shaibu, umelileta?" akaninong'oneza. Hakuwa anauliza ngoma.

"Nimelileta."

"Basi kesho hii saa sitaitwa tena Mama Shida," akasema, akacheka peke yake kama msichana.

Kesho yake Bakari akaja. Nilijiandaa kumkasirikia. Alivaa shati la kumetameta na miwani nyeusi, nikasema moyoni, haya, ngoja anijue leo. Akavua miwani, akaiona ngoma ya Hashimu, akapiga magoti pale pale mchangani akalia. Analia kweli, kamasi zinamtoka. Sasa utamgombeza mtu wa namna hiyo kwa lipi?

"Itakaa mbele kabisa, dada," akasema. "Kila mtu aione."

"Ataipiga nani?"

"Usijali. Tuna mdundo."

Akamwita kijana wa kinanda, Fredi, mtoto wa Dar mwenye heshima zake, akaniamkia vizuri. Fredi akabonyeza kidude na ngoma zikaanza kulia ndani ya kinanda, nyingi, haraka, hazikosei. Akaondoa mikono akaiinua juu kunionyesha kwamba zinaendelea zenyewe. Wajukuu wa jirani wakapiga makofi.

"Na pale pa kunyamaza?" nikauliza.

Fredi akamtazama Bakari. Bakari akakuna shingo. "Kwenye kanda tulipaziba, dada. Studio walisema kimya kikikaa kwenye wimbo, msikilizaji atadhani redio imeisha betri. Ataizima."

"Kwa hiyo mkajaza nini?"

"Mdundo tu. Lakini leo tutanyamaza. Kwa ajili ya Hashimu. Nikifika pale nitampa Fredi ishara, atazima, wewe utataja." Akanishika mikono yote miwili. "Naapa, dada."

Nilimwamini. Hata leo ninaamini aliapa kwa moyo mmoja.

Alasiri watu wakajaa. Jukwaa lilikuwa lori la mfanyabiashara, limeshushwa ubavu, spika zimepangwa, jenereta linanguruma nyuma ya nyumba ya wifi. Ngoma ya kaka yangu waliiweka mbele kabisa kama alivyoahidi, wamechomeka mguu wake kwenye ndoo ya mchanga, na kwenye kiuno chake wameifunga kitambaa cha njano chenye jina la biashara ya yule bwana. Nilitaka kukifungua, wifi akanizuia, akasema tusianze ugomvi siku ya mtoto.

Mlango ukafunguliwa. Bi Esha, kungwi, akatangulia, na nyuma yake mtoto wetu ameinama, amefunikwa khanga niliyoinunua Masasi, inaonekana miguu tu. Bendi ikaanza. Ulikuwa ndio wimbo wa mlangoni, maneno ni yale yale, ila umevaa nguo za watu wengine. Unakwenda mbio. Kinanda kinapiga chenga katikati ya maneno. Sasa sikilizeni ninachowaambia, na msinicheke: watu walifurahi mno. Vijana walipanda kwenye mikorosho ili waone. Bibi mmoja aliyekuwa hatembei bila fimbo aliikabidhi fimbo kwa jirani. Na mimi nilicheza. Nimecheza huku nikijiuliza mbona ninacheza. Nikatazama miguu ya mwali chini ya khanga, nayo ilikuwa inafuata mdundo kwa siri.

Wimbo ukakaribia pale. Nikasimama, nikavuta pumzi, nikafungua mdomo. Wanawake wote wakanigeukia. Bi Esha akamsimamisha mwali juu ya kizingiti.

Mdundo ukapita.

Nikadhani nimehesabu vibaya. Ukazunguka tena, maneno yale yale, nikavuta pumzi tena. Nikamtazama Bakari. Amefumba macho, jasho linamtiririka, anaimba kama wanavyoimba kila usiku huko Dar. Fredi anamtazama, anangoja ishara, kidole chake kiko juu ya kidude. Ishara haikuja. Ukapita tena. Mara ya tatu wanawake walikuwa wameshafungua midomo yao kunijibu, na hakuna walichojibu, wakafunga mmoja mmoja. Ningeweza kupiga kelele. Lakini jina likisemwa ndani ya makelele yale ni sawa na kulimwaga, hata mimi mwenyewe nisingelisikia. Nikafumba mdomo nalo ndani.

Bi Esha hakuweza kumweka mtoto juu ya kizingiti siku nzima. Akamvusha.

Wimbo ulipokwisha watu walishangilia mpaka kuku wakakimbia. Bakari akaruka kutoka jukwaani, akaja moja kwa moja kwangu, uso wote furaha.

"Dada," akasema, "mbona hukutaja?"

"Ningetaja saa ngapi?"

"Nilikupa nafasi. Si nilinyamaza pale?"

Fredi alikuwa nyuma yake, akatikisa kichwa taratibu, akainamia nyaya zake. Kama mtu anaamini amenyamaza na hakunyamaza, unaanzia wapi kumwambia? Akaitwa kwenye wimbo mwingine, akaenda.

Jioni hiyo nyumba ya wifi iligawanyika. Wengine walisema mlango umeshavukwa, basi tena. Wengine walisema nitaje tu chakulani, tule pilau yetu. Bi Esha alisema hajawahi kuona jambo hili tangu aanze kufunda, na asichokiona hawezi kukiamua. Majirani waliokuja kutoa hongera hawakujua wamwite wifi yangu nani. Mama Shida wanaogopa, na jipya hawalijui. Wakawa wanamwita Mama Mwali, mama mwenye mtoto, wewe mwenzetu. Naye alikuwa anaitika yote, anatabasamu, anapakua. Nilimkuta jikoni ameshika mwiko hajui anataka kuupeleka wapi. Nikaona nimemwangusha kaka yangu, na nikalia na mimi, kamasi kama Bakari.

Kabla jua halijazama nilikwenda kuichukua ngoma jukwaani, nikakifungua kile kitambaa, nikakikunja vizuri, nikamwachia mwenyewe juu ya spika.

Stendi ya Newala

Asubuhi walinisindikiza stendi, wifi, Bi Esha na mwali mwenyewe ambaye sasa anaruhusiwa kutembea. Lori ni lile lile, na Mzee Chitanda yupo, anarudi zake Masasi. Safari hii alinisogezea nafasi ya mzigo mwenyewe. Upande wa pili wa stendi palikuwa na lori la bendi, wanapakia kwenda Tandahimba, na Bakari amekaa juu ya kreti la soda anakunywa chai ya rangi, bila miwani, ananipungia.

Mtoto alikuwa amenibebea mkoba. Akanipa, hakuuachia. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Shangazi, mimi naitwa nani?"

Nikasema, "Ngoja kwanza." Ngoja gani, sikujua.

Wifi akageuza uso. Mzee Chitanda, aliyesikia, akashuka kwenye lori na ngoma mkononi. Hakutoa nasaha wala nini. Alimwomba muuza chai majani makavu, akawasha, akaanza kuipasha ngozi. Kisha akamuuliza Bi Esha kama mtoto wa shule anavyomuuliza mwalimu, "Mama, mlango ndio hatuna. Tunafanyaje?"

Bi Esha akatazama huku na huku. Akautazama mkahawa wa stendi, mlango wake wa mabati, ubao chini. Akafikiri kwa muda mrefu mpaka dereva akapiga honi. "Ule nao una kizingiti," akasema. "Nenda ndani, mwanangu, ujifunike."

Mzee akachomeka mguu wa ngoma mchangani. Viganja vinamuuma, ilionekana, lakini akapiga, polepole, mwendo wa zamani. Abiria wakageuka. Wanawake wa Newala hawahitaji kuelezwa mara mbili, wakaacha vikapu wakaanza kuimba. Wale wanaume wawili wa juzi nao wakaingia. Dereva akazima gari. Na Bakari akavuka stendi na kreti lake, akakaa karibu na ngoma, akaimba. Niseme haki yake: sauti ile bado ipo. Alikuwa analipiga kreti kwa mkono, wimbo ukanyooka, nikamwona kaka yangu pembeni yake kama zamani.

Mwali akatokea mlangoni. Bi Esha akamsimamisha juu ya ubao. Mzee Chitanda akakata.

Kimya. Stendi nzima, mpaka muuza chai kashika birika hewani.

Na ndani ya kimya kile, mkono wa Bakari ukaendelea. Ta, ta, ta, juu ya kreti. Macho yake yalikuwa wazi, ananitazama mimi, anangoja kama wote, na mkono unapiga. Watu wakamtazama. Akaushusha uso wake akauona mkono wake. Akaushika kwa ule mwingine, akaubana mapajani.

Nikasema, "Somoe." Ni jina la mama yetu.

"Tumelisikia," wakajibu, na ngoma ikarudi.

Wifi yangu akakaa juu ya gunia la mtu akalia. Utingo, yule yule aliyeutupa mzigo mlimani, akamsogelea akasema, "Samahani, Mama Somoe, hilo gunia linapakiwa." Alikuwa mtu wa kwanza kumwita hivyo.

Somoe alinisindikiza mpaka kwenye gurudumu. Nikamuuliza siku nyingine nimletee nini. Akainamisha kichwa, akasema, "Kanda ya Ukingo Jazz, shangazi. Ile mpya." Nikamwambia nitamletea, na nitamletea. Lori lilipoondoka Bakari alikuwa bado amekaa pale mbele ya mkahawa, anajaribu kitu kwenye kreti. Anapiga, anaacha, anapiga tena.

Kwa hiyo mkija kibandani mkaniuliza kama Ukingo Jazz bado wanapiga vizuri, msinione ninababaika. Wanapiga vizuri sana. Kunyamaza ndiko kumewashinda.